Wati za Kasha na Wati za Betri: Biashara ya Amplifaya Garbatulla

Katika soko la vyombo vya muziki vya nyumbani, amplifaya, yaani kifaa kinachokuza mkondo hafifu wa umeme kutoka kwenye redio, simu au runinga hadi uweze kusukuma spika, huuzwa kwa kutajwa wati zake, na yenye wati nyingi huuzwa kwa bei ya juu. Kipimo hicho kina walakini popote, lakini walakini huo humgharimu zaidi mnunuzi wa Garbatulla katika Kaunti ya Isiolo, ambako familia nyingi hutegemea mifugo na ambako umeme wa jua ni tegemeo la nyumba nyingi. Isiolo ni miongoni mwa kaunti 14 zilizowekwa mwaka 2017 katika mradi wa KOSAP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ili kupeleka umeme wa jua maeneo yasiyofikiwa na gridi. Kwa mnunuzi wa namna hii, kila wati inayoongezwa kwenye amplifaya hudai betri na paneli ya kuilisha.

Namba zinazochapishwa kwenye makasha ni za aina mbili. RMS ni nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo bila kuungua wala kukwaruza sauti, ilhali PMPO ni makadirio ya mshindo wa kufumba na kufumbua, yasiyo na kanuni moja ya upimaji, na ndiyo maana wufa ndogo ya mezani huweza kuandikwa maelfu ya wati. Marekani ililidhibiti tatizo hili mwaka 1974, pale Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilipowawekea watengenezaji kanuni ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani.

Hesabu ya betri huumbua namba za kasha. Amplifaya inayolishwa moja kwa moja na volti 12, hata ikiwa ya muundo unaosukuma ncha zote mbili za spika, haiwezi kupita takriban wati 18 safi kwenye spika yenye ukinzani wa omu 4, na kwenye spika ya omu 8 hubaki nusu yake. Mfano ulio wazi ni bodi zinazotumia chipu ya TPA3116D2, ambazo hutangazwa kuwa na wati 50 kila upande: kiwango hicho hupatikana kwa volti 21, wala si kwa betri ya kawaida.

Omu ni kipimo cha ukinzani wa spika dhidi ya mkondo wa umeme. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4, na zikiungwa mfululizo huwa omu 16, kwa hiyo anayeongeza spika ya tatu na ya nne kwa kuziunga sambamba kwenye amplifaya iliyoundwa kwa omu 4 huipakia mzigo unaoipasha joto kupita kiasi, hasa katika nyanda za joto na vumbi ambako matundu ya kupoza huziba upesi.

Kipimo kinachosahaulika zaidi ni unyeti wa spika, yaani ukubwa wa sauti, kwa desibeli, inayotoka kwa wati 1 ikipimwa umbali wa mita 1. Kwa kuwa kila desibeli 3 za nyongeza hudai nguvu maradufu, spika ya desibeli 91 hutoa kwa wati 10 sauti ambayo spika ya desibeli 85 huitoa kwa wati 40. Honi za misikitini husikika mbali kwa sababu hiyo hiyo, kwani unyeti wake hupita desibeli 100, ingawa umbo lake hukata besi na kwa hiyo hazifai muziki wa sebuleni.

Aina ya amplifaya nayo huamua uhai wa betri. Daraja la AB, lililozoeleka katika mitambo mikubwa ya zamani, hupoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto, ilhali daraja la D, linalowasha na kuzima mkondo kwa kasi kubwa, huweza kufikisha kwenye spika takriban asilimia 90 ya umeme linaoupokea linapofanya kazi kwa nguvu. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu ili isife mapema, hutoa wati-saa 600: mtambo unaovuta wati 40 kupitia inveta, yaani kigeuzi cha umeme wa betri kuwa kama wa gridi, huimaliza kwa saa 15, na unaovuta wati 10 moja kwa moja huimaliza kwa saa 60.

Kwa hiyo mpangilio wa ununuzi wenye faida huanza na spika yenye unyeti mkubwa, hufuata amplifaya ya daraja la D inayolingana na omu zake, kisha betri, na mfanyabiashara atakayeandika RMS, omu na desibeli kando ya bei atakuwa amempa mteja kipimo cha kulinganisha bidhaa kabla hajalipa.