Susan ambaye hakususa

HIVI mpenzi msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Unapigilia gauni lako la nguvu, unajipodoa, unakaa ukumbini kamera zimekukodolea macho, halafu linatajwa jina la mwenzako. Tena si mara moja. Mara 18! Mimi ningesusa zamani. Nilipomaliza fomu foo, hadithi zangu zilikataliwa gazetini mara nne tu, nikatupa kalamu uvunguni.

Bibie Susan Lucci yeye hakususa.

Mama huyu wa Kimarekani alizaliwa mwaka 1946 jimbo la New York. Januari 1970 tamthilia ya All My Children ilipoanza katika televisheni ya ABC, alipewa nafasi ya Erica Kane, binti wa shule mwenye sura ya malaika na roho ya korosho.

Huyo Erica alikuwa kasheshe! Aliolewa na kuachika mpaka watazamaji wakachoka kuhesabu. Siku moja alikutana na dubu porini, badala ya kutimua mbio akamfokea kama anagombeza mtoto! Mwaka 1973 alionyeshwa akitoa mimba, jambo zito kwelikweli kwa tamthilia za wakati ule. Watu walimchukia, lakini saa ya kipindi ikifika wote macho kwenye TV.

Msidhani kazi ile ni lelemama. Tamthilia ilirushwa siku tano kwa wiki, kwa hiyo ni kukariri maneno mapya kila kukicha. Mwaka 1978 akapendekezwa kwa mara ya kwanza kuwania tuzo ya Emmy ya vipindi vya mchana, kundi la mwigizaji bora wa kike. Akakosa. Akapendekezwa tena, akakosa. Ikafika mahali jina lake likawa utani wa mji, na mwaka 1990 mwenyewe akaenda kwenye kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live, akacheka nao.

Tarehe 21 Mei 1999, mara ya 19, likatajwa jina lake! Ukumbi mzima ulisimama, makofi yakapigwa dakika kadhaa, wenzake wanalia na yeye analia. Alikuwa na miaka 52. Aliendelea kuwa Erica hadi ABC ilipoifunga tamthilia hiyo Septemba 2011.

Sasa akina dada, hapa nawaomba msikilize. Uvumilivu huohuo nusura umponze. Mwaka 2018 alibanwa kifua, akapuuza. Kikabana tena, akapuuza. Mara ya tatu ilimkuta dukani, akakimbizwa hospitali. Madaktari wakakuta mshipa mmoja wa moyo umeziba asilimia 90, mwingine 75! Akawekewa vibomba viwili vya kuzibua, akapona. Tangu hapo amekuwa akiwahimiza wanawake wasidharau miili yao kwa kisingizio cha kuhudumia watu wengine.

Mwaka 2023 wakampa Emmy nyingine, hii ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote.

Nilichojifunza mimi ni hiki: kazi uipendayo, ivumilie hata wakikunyima mara 18. Maumivu ya kifua, usiyavumilie hata siku moja.

Kalamu yangu mwenzenu niliitoa uvunguni, ndiyo hii mnayoisoma. Tukutane wiki ijayo!