Redio ya gari inayojitafutia stesheni: kweli au uongo?

Mweleze jirani yako wa Makiso au Mangobo, hapa Kisangani, kwamba redio ya gari lako inairuka Radio Okapi. Utaambiwa antena imekufa, au stesheni haina nguvu. Lawama hizo mara nyingi hazina msingi, na zinawagharimu watu fedha kwa mafundi bure. Tuchambue dhana zinazosemwa kuhusu redio hizi, moja moja.

Kujitafutia stesheni kumeletwa na kompyuta.

Uongo. Magari ya Cadillac ya miaka ya 1950 yalikuwa nako, na ndani ya redio zile hamkuwa na chipu hata moja. Delco, tawi la General Motors, iliziwekea kibao kirefu cha kubonyeza kilichoitwa Wonder Bar. Ukikibonyeza, springi iliyokuwa imekazwa inaachiwa, inasogeza polepole vijiti vya chuma ndani ya koili, na mshale unatembea kwenye kioo. Springi haikurupuki, kwa sababu gia zake zinazungusha kigurudumu chenye mapanga kinachopunguza mwendo. Wimbi lenye nguvu likiingia, rilei inaangusha ulimi wake katikati ya mapanga hayo na mshale unaganda hapo hapo. Ukifika mwisho wa kioo bila kitu, sumaku ya umeme inaikaza springi upya, kwa kishindo, na safari inaanza tena. Aliyeongeza fedha alipata na swichi ya mguu sakafuni, abadili stesheni bila kuachia usukani. Kwangu mimi, huo ni ufundi wa kuheshimiwa kuliko skrini nyingi za leo.

Redio inachagua stesheni iliyo bora.

Uongo. Haijui habari wala muziki. Inapima nguvu ya wimbi, basi, na kiwango cha kusimamia kinawekwa na mtu. Redio za magari ya Lincoln ya enzi ile zilikuwa na vitufe viwili: cha mjini kilisimama kwenye mawimbi makali tu, cha shamba kilikubali hata yaliyo dhaifu. Redio nyingi za leo bado zina kitu hicho hicho, kimeandikwa LO (cha mjini) na DX (cha shamba), au LOC (cha mjini). Ukivuka mto kwenda Lubunga na kuendelea mbali na mji huku LOC imewashwa, redio itazunguka bila kusimama. Izime kwanza kabla ya kumtafuta fundi.

Usiku AM inaokota stesheni za nchi za mbali.

Kweli. Mchana tabaka la chini la anga lenye chembe za umeme linayameza mawimbi hayo. Jua likizama tabaka hilo linatoweka, mawimbi yanapanda juu zaidi na kurudishwa ardhini mbali sana.

Redio mpya ya Kimarekani haiwezi kushindwa na ya zamani.

Uongo, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Radio Okapi, iliyoanza kurusha matangazo tarehe 25 Februari 2002, Kisangani iko kwenye 94.8 FM. Marekani stesheni za FM hupangwa kwa desimali witiri: 94.7, kisha 94.9. Redio ya kidijitali iliyopangwa kwa soko lile huruka kwa hatua ya 0.2, kwa hiyo 94.8 haiigusi kabisa. Itasimama pembeni sauti ikikwaruza, au itapita. Ile ya zamani yenye mshale haina hatua. Inateleza, na ikiwa ina FM itapita juu ya 94.8 yenyewe. Nyingi za kidijitali zina mpangilio wa eneo uliofichwa kwenye menyu. Ukitoa Marekani na kuweka Ulaya, hatua zinakuwa ndogo na Okapi inaingia safi.

Gari lililotoka Japani lina redio mbovu.

Uongo. Ni nzima, ila ilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako FM ilikuwa kati ya 76 na 90. Okapi iko juu ya hapo, na kubonyeza kitufe cha kutafuta mpaka kesho hakutasaidia. Dawa yake ni kijisanduku kinachofungwa kati ya antena na redio, kinachoyashusha masafa. Usikinunue kabla ya kuuliza kinashusha kwa kiasi gani. Kikishusha kwa 14, redio itapata kuanzia 90 hadi 104 na stesheni zilizo juu ya hapo zitabaki nje, hivyo taja kwanza zile unazozisikiliza kila siku. Kisha usishangae namba kwenye dashibodi: ukiwa na kijisanduku hicho, Okapi itaonekana 80.8. Ihifadhi hapo, na dereva mwingine anayelitumia gari mwambie.