Kipimo cha Damu Hakitoshi Kuthibitisha Saratani ya Kinywa

Kidonda cha kinywani kisichopona kwa zaidi ya wiki mbili, doa jeupe au jekundu lisilofutika na uvimbe shingoni ni dalili zinazomtaka mwananchi kumwona daktari wa kinywa na meno bila kuchelewa. Anayeridhika na majibu mazuri ya kipimo cha damu pekee anaweza kuupa ugonjwa muda wa kuenea.

Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kinywa huanzia kwenye seli bapa za utando wa ndani wa kinywa. Saratani hiyo inaweza kuongeza katika damu kiwango cha protini ziitwazo viashiria vya saratani. Miongoni mwake ni antijeni ya SCC, iliyobainishwa mwaka 1977 nchini Japani katika utafiti wa saratani ya mlango wa kizazi, na CYFRA 21-1, ambayo ni kipande cha protini ya saitokeratini 19.

Viashiria hivyo vina mipaka. Uvimbe ukiwa bado mdogo, kiwango chake huweza kuwa cha kawaida. Aidha, antijeni ya SCC hupanda pia kwa mtu asiye na saratani, hususan mwenye figo zilizoshindwa kufanya kazi au ugonjwa wa ngozi wa soriasisi. Kwa sababu hiyo, uthibitisho hupatikana kwa kuchukua kinyama kwenye kidonda na kukichunguza kwa hadubini.

Umuhimu wa kipimo cha damu huonekana zaidi katika kumfuatilia mgonjwa. Iwapo kiwango kilikuwa juu kabla ya upasuaji au mionzi, hutarajiwa kushuka baada ya tiba. Kikipanda tena mfululizo, daktari huchunguza upya kinywa, shingo na mapafu. Inashauriwa vipimo vifanyike katika maabara ileile, kwa kuwa majibu ya mitambo tofauti hayalinganishwi moja kwa moja.

Pamoja na hayo, kiwango cha kawaida hakimwondolei mgonjwa wajibu wa kuhudhuria kliniki. Wananchi wanahimizwa kuepuka sigara, ugoro, pombe na tambuu yenye popoo, na kuchunguzwa kinywa mapema, kwani saratani ikigundulika katika hatua za awali uwezekano wa kupona huwa mkubwa zaidi.