Kumleta Sungura Mgeni Nyumbani

Watu wengi, na hasa watoto wa shule, wapenda kufuga sungura, wala si kwa ajili ya kitoweo tu, bali kwa kuwa ni mnyama mpole, mzuri wa kutazama, asiye na kelele wala madai mengi. Jambo hilo ni jema. Lakini tumeona mara nyingi kwamba sungura hununuliwa leo kwa furaha, na kabla juma halijapita huzikwa nyuma ya jiko kwa machozi. Wenyewe husema, "Alikuwa mgonjwa tangu huko alikotoka," au, "Wanyama hawa hawana maisha." Sivyo. Sungura akitunzwa vema aweza kuishi miaka 8 hata 10, na wengine huzidi. Wale tuliowaona wakifa mapema, wengi waliuawa na safari, au na joto, au na chakula walichopewa kwa mapenzi.

Kwanza yafaa kuondoa kosa moja. Sungura huyu wa kufugwa si yule wa porini ambaye babu zetu walitusimulia hila zake. Asili yake ni nchi za Hispania na Ureno, naye huishi katika mashimo aliyoyachimba. Watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba, nao hufumbua macho baada ya siku 10 hivi. Yule wetu wa porini hachimbi shimo; huzaa juu ya nchi katika majani, na mtoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Hawa wawili hawazaliani kamwe. Basi mtu asiende kukamata kitoto porini akidhani kwamba amepata sungura wa bure. Mara nyingi kitakufa kwa hofu, hata kikipewa maziwa.

Sasa tueleze habari ya safari, na hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Tulinunua sungura watatu huko Lushoto, milimani, mahali penye baridi, tupate kuwapeleka kwa watoto wetu Korogwe. Tuliambiwa kwamba wote ni majike, ndugu wa tumbo moja. Tuliwatia katika sanduku la karatasi ngumu, tukatoboa vitundu viwili vitatu, tukapanda basi saa nne asubuhi. Tulipofika Mombo, chini ya mlima, jua lilikuwa kali mno. Basi likasimama muda mrefu likingoja abiria, na sanduku letu lilikuwa juu ya paa pamoja na mizigo. Tulipolifungua Korogwe, mmoja alikuwa amekwisha kufa, na wa pili alikuwa akihema kinywa wazi, masikio yake moto kama uji. Huyo wa pili hakuiona asubuhi. Binti yetu mdogo alikuwa amekwisha kuwachagulia majina wote watatu kabla hajawaona.

Sababu yake tuliijua baadaye. Sungura hatoki jasho kama mtu. Joto la mwili wake hutokea hasa katika masikio, na kwa hiyo joto likizidi digrii 30 yumo hatarini, na zaidi akiwa amefungiwa mahali pasipo upepo. Basi mwenye kusafiri naye na asafiri alfajiri au jioni. Achukue kikapu au tenga lenye nafasi za kupitisha hewa pande zote, atandike majani makavu chini ili mnyama asiteleze, atie na majani ya kula, naye akiweke kikapu miguuni pake, si juu ya paa. Njiani akipumzika, ampe maji. Akiona anahema sana, aloweshe masikio yake kwa maji ya kawaida, si ya baridi kali, na amweke kivulini. Tena kabla ya kuondoka amwombe mwenye kuuza fungu la chakula kile kile alichozoea mnyama. Asikubali kupewa kitoto kisichotimiza majuma 8, hata kikiwa kizuri namna gani.

Kumshika sungura kuna adabu yake. Watu wengi humwinua kwa masikio, kama wafanyavyo wawindaji katika picha. Ni ukatili, tena ni hatari. Mifupa yake ni myepesi, lakini miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi, na akiruka-ruka hewani aweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Mkono mmoja upite chini ya kifua, wa pili ubebe matako, kisha umweke kifuani pako. Watoto wadogo wasimbebe kabisa. Wakae chini, mnyama awajie.

Nyumba yake iwe tayari kabla hajafika, isiwe kwamba mgeni amekuja ndipo watu watafute fito. Kizimba cha sungura wawili kisipungue urefu wa futi 6, upana futi 2 na kimo futi 2, apate kuruka mara tatu na kusimama kwa miguu ya nyuma. Hata hivyo, kizimba si jela; kila siku apate saa kadhaa za kukimbia katika ua uliozungushwa wavu. Upande mmoja uwe na chumba chenye giza cha kujificha. Sakafu ya waya mtupu huumiza nyayo, basi atandikiwe ubao na majani makavu mengi, nayo yabadilishwe yakilowa. Kizimba kiwe kivulini, kisielekee mvua, tena kiinuliwe juu ya nguzo. Nguzo hizo zisimame katika makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo, kwa sababu ya siafu. Ambaye hajaona siafu wakiingia kizimbani usiku asidhani kwamba twatia chumvi. Nguchiro, kanu, nyoka na mbwa wa jirani nao wakumbukwe, na komeo liwe la kweli, si kamba.

Juu ya chakula twataka kukaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wema uuapo. Watu wengi hudhani kwamba chakula cha sungura ni karoti. Karoti ina sukari nyingi. Kwake yeye ni kama halua kwa mtoto, kipande kidogo mara moja moja. Chakula chake hasa ni nyasi, mbichi na kavu, nazo zisikose mbele yake mchana na usiku. Meno yake huota maisha yake yote, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyapunguza. Asiyepata nyasi, meno yatazidi na kumchoma mashavu hata asiweze kula. Juu ya nyasi apewe majani mabichi kama mchunga na matembele, kwa kiasi. Pumba na nafaka ziwe kidogo tu. Kabichi nyingi humvimbisha tumbo. Majani mabichi ya mhogo yana sumu, na majani ya mparachichi, ya nyanya na ya viazi vya Kizungu yasimkaribie.

Msomaji akimwona sungura wake akiinama na kula kinyesi laini kitokacho mwilini mwake, asishtuke wala asimzuie. Chakula chake hupita tumboni mara mbili, na katika ule mpito wa pili ndipo apatapo nguvu zilizobaki. Jambo hili lawachekesha sana wanafunzi, na mwalimu aweza kulifanya somo zuri la maarifa. Tumbo hilo lafanya kazi kwa msaada wa vijidudu vidogo visivyoonekana, navyo havipendi chakula kigeni cha ghafula. Ndiyo maana tulisema aombwe fungu la chakula cha kule alikotoka. Siku za kwanza ale hicho. Kisha kipya kichanganywe kidogo kidogo kwa muda wa siku 10 hivi.

Methali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu siku hizo tatu ni za kumwacha kimya. Apewe nyasi na maji safi, kizimba kifunikwe upande mmoja kwa gunia, na majirani wanaokuja kutazama waombwe radhi. Sungura ni mnyama awindwaye na kila kitu, na hofu peke yake yaweza kumwua. Akipiga chini kwa mguu wa nyuma, atoa habari ya hatari. Siku ya nne mtu akae karibu yake, asome gazeti lake, asimguse. Atakuja mwenyewe kunusa vidole.

Jambo moja halingoji kesho, nalo ni sungura kuacha kula. Ng'ombe aweza kukosa malisho siku moja akapona; sungura aliyekaa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, amejikunyata na kusaga meno, ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo siku ile ile. Asiyejua haya humwacha apumzike, na asubuhi humkuta amekauka. Kadhalika yatazamwe masikio, kama yana ukurutu ndani, na pua kama yatoa makamasi. Wakati wa joto na mvua zitazamwe sehemu za nyuma kila siku. Zikichafuka, nzi hutaga mayai humo, na funza hula nyama angali hai.

Yule wa tatu aliyesalimika kwetu alikuwa peke yake, naye hakuwa na furaha. Alijikunja pembeni, akaitafuna mbao ya kizimba. Sungura kwa tabia yake huishi jamaa. Tulikusudia kumletea mwenzake, lakini daktari wa mifugo alipomtazama alisema, "Huyu mliyemwita jike ni dume." Tulicheka, lakini tulishukuru pia, maana jike huchukua mimba siku 31 tu, na aweza kushika nyingine siku ile ile aliyozaa. Katika nchi ya Australia, mwaka 1859, Bwana Thomas Austin alifungua sungura wapatao 24 katika shamba lake wapate kuwindwa, nao wakaenea hata wakawa tauni ya malisho. Basi asiye na nafasi ya vitoto, wala mtu wa kuwapa, amhasi dume. Tulifanya hivyo, tukangoja majuma 6, kwa kuwa dume aliyehasiwa huweza kuzalisha kwa muda bado.

Ndipo tulipomleta jike, safari hii alfajiri, ndani ya tenga, miguuni petu. Kwa haraka ya watoto tuliwatia pamoja katika kizimba siku ile ile. Walipigana hata manyoya yakaruka, na mkono wetu ukapata alama ya meno tulipowaamua. Sungura ana mipaka yake kama mwenye shamba, na mgeni akiingia ndani ya mipaka hiyo bila taarifa ni adui. Tukagawanya kizimba kwa wavu, waonane na kunusana bila kugusana, na kila siku tuliwabadilishia pande ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Baada ya majuma mawili tuliwakutanisha barazani, mahali ambapo si pa huyu wala pa yule, dakika 10 ya kwanza, kesho yake robo saa. Walifukuzana kidogo. Siku ya sita jike aliinamisha kichwa, na dume akamlamba paji la uso. Binti yetu akaomba tuuondoe wavu jioni ile. Tulimkatalia hata siku tatu zaidi zikapita, kisha tukauondoa, na usiku huo walilala ubavu kwa ubavu.