Je, Wajua? Karatasi Inayosomwa Angani

Je, wajua kwamba neno *rubani* lilikuwa la baharini kabla halijapanda angani? Rubani alikuwa mjuzi wa njia; nahodha ndiye aliyekuwa na amri ya chombo. Aprili 1498 Vasco da Gama alipata rubani Malindi, akavuka hadi Calicut kwa siku zisizofika 30. Jina la mtu huyo bado linagombaniwa na wanahistoria.

Ukisimama Kau, kando ya Mto Ozi, ukaiona ndege ya Nairobi ikiteremkia Lamu, jua gumzo ndani limekatwa. Chini ya futi 10,000 marubani huzungumza mambo ya kazi tu. Marekani iliifanya kanuni hiyo sheria mwaka 1981, na mashirika mengi yameifuata. Anayevusha mtumbwi penye viboko naye hasimulii harusi ya jana.

Je, wajua kwamba orodha ya ukaguzi ilizaliwa na kufuli? Oktoba 30, 1935, huko Ohio, Meja Ployer Hill, rubani mjaribu mzoefu, alipaa bila kufungua kufuli inayozuia usukani wa mkia usichezeshwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa. Ndege ikainua pua, ikaanguka, wawili wakafa. Wenzake wakaandika mambo ya kutazama kabla ya kuruka. Ndege za aina hiyo ndizo zilizokuja kuitwa B-17.

Orodha hiyo mara nyingi haimfundishi rubani la kufanya. Kazi ameshaifanya kwa kichwa; karatasi yaja nyuma, kama mama anayerudi kupapasa komeo alilolifunga mwenyewe. Mmoja husoma kwa sauti, mwingine hutazama swichi na kujibu. Pengine haitoshi kusema "tayari": ataje nambari anayoiona.

Je, wajua kwamba Boeing 747 ya kwanza duniani kupata ajali ya kuua ilianguka Nairobi? Ni Novemba 20, 1974. Ndege ya Lufthansa iitwayo Hessen ilikuwa imetoka Frankfurt, ikiendelea Johannesburg. Vibawa vya mbele ya mbawa zake hutolewa kwa nguvu ya hewa kutoka kwenye injini, na siku hiyo vali za hewa zilikuwa zimefungwa. Vibawa havikutoka. Ndege ikainuka kidogo, ikashindwa kupanda, ikaanguka mita zaidi ya 1,000 kupita mwisho wa njia ya kurukia na kushika moto. Kati ya watu 157, walikufa 59. Orodha ilikuwamo chumbani mwa marubani. Mimi naona hapo ndipo karatasi inapoelemewa: jicho lililochoka huona linachotarajia kuona. Baadaye Boeing waliongeza kengele ya kuonya.

Mei 5, 2007, Douala, usiku, ndege ya Kenya Airways ilipaa penye mvua. Rubani mkuu alitamka kwamba mtambo wa kujiendesha umeshika. Haukuwa umeshika, na mwenzake hakujibu. Ndege ikalalia kulia polepole, hawakutambua hadi wakati ukawa umepita. Wote 114 walifariki. Neno moja la kujibu lilikosekana.

Je, wajua kwamba kabla ya safari rubani huizunguka ndege kwa miguu? Miongoni mwa anavyotafuta ni vifuniko vya mirija inayopima mwendo. Vikikosekana ndege ikiwa imelala siku nyingi, nyigu wa udongo, hawa hawa wanaojenga kwenye boriti zetu, huingia. Wachunguzi waliwashuku nyigu katika ajali ya Birgenair, Jamhuri ya Dominika, 1996: walikufa watu 189.

Orodha nayo huweza kuwa ndefu mno. Januari 15, 2009, ndege iliyotua Mto Hudson, New York, ilikuwa na orodha ya kurasa tatu ya injini zote kuzimika, iliyotungwa kwa ndege iliyo juu sana. Wao walikuwa karibu na futi 3,000. Kitufe cha kuziba matundu ya chini kilikuwa mwishoni mwa orodha, hawakukifikia. Wote 155 walipona hata hivyo.

Na je, wajua kwamba hospitali ya Ifakara, Tanzania, ilikuwa moja ya nane duniani zilizojaribu orodha ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyoigwa kwa marubani? Katika hospitali hizo vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Kimoja kati ya vipengele vyake 19 ni kila aliyemo chumbani kutaja jina lake na kazi yake.