Maji ya Meru na Miguu ya Watoto

Msafiri atokaye Moshi kuelekea Arusha, akiisha kupita Kikatiti na kabla hajafika Usa River, huvuka mto ambao mji mdogo uliopo hapo umechukua jina lake: Maji ya Chai. Upande wa pili wa mlima, kaskazini, ipo Ngarenanyuki, jina la Kimaasai lenye maana ya maji mekundu. Ngarenanyuki inakumbukwa zaidi kwa mgogoro wa ardhi wa mwaka 1951, ambao Kirilo Japhet aliufikisha Umoja wa Mataifa huko New York mwaka uliofuata. Historia ya ardhi ile imeandikwa na kusomeshwa. Habari za maji yake zinajulikana zaidi na madaktari wa meno na wa mifupa, nazo hazijawafikia vya kutosha wazazi ambao wangezihitaji mapema.

Waliotoa majina hayo waliyatazama maji wakaona rangi. Lakini kitu kinachowadhuru watoto katika maji hayo hakina rangi, hakina harufu, wala hakina ladha. Ni madini ya floraidi. Chemchemi inayotoa maji meupe, baridi na matamu yaweza kuwa na floraidi nyingi kuliko mto wenye maji ya kahawia. Kwa sababu hiyo mzazi makini kabisa, anayechemsha maji, anayeosha ndoo na kuifunika, aweza kwa miaka mingi kumnywesha mwanawe kitu kitakachomharibu meno na kumpindisha miguu.

Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,562, ni volkano, na mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana floraidi kwa wingi, na maji ya mvua yanapopenya chini huiyeyusha na kutoka nayo kwenye chemchemi, mito na visima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8, kwa kuwa maeneo mengi hayakuwa na chanzo kingine. Baadaye kiwango kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5. Kuna mito na visima kuzunguka Meru vyenye zaidi ya miligramu 10, na maziwa ya Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yana mamia ya miligramu kwa lita. Wakati huohuo zipo chemchemi zilizo salama kwa umbali wa mwendo mfupi tu kutoka zile mbaya. Hakuna njia ya kubahatisha. Maji hupimwa maabara, na mhandisi wa maji wa wilaya ndiye wa kuulizwa kwanza.

Kwa nini tuseme habari za watoto na si za watu wote? Mtu mzima anayehamia Arusha akiwa na miaka thelathini hatabadilika rangi ya meno hata akinywa maji ya Maji ya Chai mpaka uzee wake, kwa kuwa meno yake yalikwisha kuumbwa. Enameli, lile gamba gumu la nje la jino, hujengwa ndani ya ufizi tangu mtoto anapozaliwa hadi anapofikia takribani miaka minane. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, ujenzi huo huharibika, na jino huota likiwa na madoa meupe kama chokaa, au rangi ya kahawia, na katika hali mbaya likiwa na vishimo na kumeguka kingo. Meno ya mbele ya juu, yanayoonekana mtu anapocheka, huathirika zaidi kati ya mwaka wa pili na wa tatu wa maisha. Jino lililoumbwa vibaya halirudi nyuma. Anayemwona mtoto wa darasa la pili mwenye meno ya kahawia anatazama maji aliyokunywa mtoto huyo akiwa bado anabebwa mgongoni.

Maumbile yameweka kinga moja ambayo wahudumu wa kliniki ya mama na mtoto wanapaswa kuitaja kila siku. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo amelindwa. Hatari huanza siku anapopewa maji ya kunywa, uji, au maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya bomba la kijiji. Ushauri wa kunyonyesha, ambao sote tumezoea kuutoa kwa ajili ya kuhara na lishe, una sababu ya ziada kuzunguka Meru.

Madoa ya meno yamezoeleka mno Arusha hata yamekuwa kitambulisho. Mtu akifika Dodoma au Dar es Salaam akacheka, huulizwa kama anatoka Arusha. Watu wazima hulipokea swali hilo kwa utani. Mtoto hana ngozi ngumu hivyo. Yupo anayejifunza kuziba mdomo kwa kiganja anapozungumza, yupo asiyenyoosha mkono darasani ingawa jibu analijua, na yupo anayesuguliwa meno kwa mchanga au mkaa na mlezi anayeamini kuwa ni uchafu. Mwalimu anayejua kwamba madoa hayo hayatokani na uvivu wa kupiga mswaki anaweza kuliambia darasa hivyo kwa dakika tano, na dakika hizo tano huzuia kejeli za mwaka mzima. Daktari wa meno naye ana la kufanya: madoa ya juujuu huweza kusuguliwa kitaalamu, na makubwa zaidi kufunikwa kwa vijazio vya rangi ya jino.

Mifupa ni suala zito zaidi. Floraidi nyingi hujikusanya katika mfupa unaokua, na kwa mtoto ambaye pia hapati madini ya kalsiamu ya kutosha, mifupa ya miguu hulemewa na uzito wa mwili na kupinda. Wengine huwa na matege, magoti yakiachana. Wengine magoti hugongana na vifundo vya miguu kuachana. Wengine hupinda vyote viwili, goti moja likielekea ndani na jingine nje, kana kwamba mtoto amesukumwa na upepo wa upande mmoja. Mtoto huyo hutembea kwa maumivu. Shule ikiwa kilomita tatu, atachelewa, kisha atakosa, kisha ataacha. Ada iliondolewa katika elimumsingi mwaka 2016, lakini njia ya kwenda shule haikufupishwa. Katika baadhi ya kaya jirani humnong'onea mama kuhusu laana au kosa la ukoo, na mtoto huishia kulinda nyumba wenzake wanapokwenda kusoma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kutibiwa na kusoma. Ni vema afisa ustawi wa jamii aijue nyumba hiyo kabla miaka haijapita, na yeyote anayemjua mtoto aliyefichwa aweza kupiga simu bure namba 116.

Si kila mguu uliopinda ni ugonjwa. Mtoto mchanga huzaliwa na matege, na hayo hunyooka anapokaribia miaka miwili. Kisha magoti huanza kugongana, na hali hiyo hufikia kilele kati ya miaka mitatu na minne. Kufikia miaka saba miguu huwa imenyooka. Mhudumu wa zahanati anapaswa kushtuka anapoona upindaji unaoongezeka badala ya kupungua, mguu mmoja uliopinda kuliko mwingine, mtoto mfupi mno kwa umri wake, au maumivu. Kipimo hakihitaji mashine: mtoto asimame magoti yakigusana, kisha pimwa nafasi kati ya vifundo vya miguu. Ikizidi sentimita 8 kwa mtoto aliyetimiza miaka saba, apewe rufaa. Ukosefu wa vitamini D na wa kalsiamu nao hupindisha mifupa, na mara nyingi hali hizi huchanganyika kwa mtoto yuleyule. Picha ya eksirei na vipimo vya damu husaidia kutofautisha, lakini kumsubirisha mtoto nyumbani hakusaidii kitu.

Umri una maana kubwa katika tiba. Mtoto ambaye bado anakua anaweza kuwekewa bati dogo la chuma lenye skrubu mbili kando ya goti. Upande mmoja wa mfupa huzuiwa, upande wa pili huendelea kurefuka, na mguu hujinyoosha wenyewe kwa miezi kadhaa. Ukuaji ukiisha, njia inayobaki ni kukata mfupa na kuupanga upya, kisha wiki nyingi ndani ya plasta. Arusha imebahatika kuwa na mahali pa kusubiri uponaji huo. The Plaster House, iliyoanzishwa mwaka 2008, hupokea watoto kutoka vijijini kabla na baada ya upasuaji, wakiwamo wale wenye miguu iliyopindishwa na floraidi, ikishirikiana na Hospitali ya Kilutheri ya Arusha, ALMC. Bila nyumba ya namna hiyo, mtoto aliyefungwa plasta miguu yote miwili angerudi kwenye nyumba isiyo na barabara ya gari, na jeraha lake lingetunzwa na nani?

Hata hivyo upasuaji haubadilishi mtungi wa nyumbani. Mtoto aliyenyooshwa miguu akarudishwa kwenye maji yaleyale na uji uleule, anarudishwa kwenye chanzo cha maradhi yake, na nyuma yake wako wadogo zake.

Kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo floraidi inavyokolea. Dawa ya klorini haiiondoi, na chujio la kawaida la udongo haliiondoi pia. Mkaa wa mifupa huiondoa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya wizara yenye dhamana ya maji, kimefanya kazi kwa miongo mingi juu ya njia hii: mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa kuwa chembe, na kupakiwa ndani ya ndoo zinazochuja maji ya nyumbani. Mifupa isipochomwa vizuri maji hunuka, ndipo watu hulitupa chujio na kusema halifai. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba mkaa huchoka bila kutoa dalili, kwa hiyo tarehe ya kuubadilisha iandikwe kwenye ndoo yenyewe. Huko Tengeru, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio la mchanga na chembe ndogo mno, likapata mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Uingereza. Jijini, mradi mkubwa wa maji wa takribani shilingi bilioni 520 umeleta maji ya visima vya wilaya ya Hai, ili jiji lipate maji zaidi na yenye floraidi kidogo. Vijiji vingi vya mlimani haviko kwenye mabomba hayo.

Kwa vijiji hivyo, maoni yangu ni kwamba tumedharau mvua. Maji ya mvua hayana floraidi ya kuhesabika. Bati la mita za mraba 30, mahali panapopata milimita 500 kwa mwaka, hata tukipoteza moja ya tano, huvuna lita 12,000. Watoto watatu wakihitaji lita mbili kila mmoja kwa siku, za kunywa na za uji, hutumia lita 6, yaani chini ya lita 2,200 kwa mwaka. Kiangazi cha miezi mitano kinahitaji lita 900. Tangi la lita 1,000 linatosha, mradi liitwe maji ya watoto na pasiwe na mtu wa kulifulia nguo wala kulinyweshea ndama. Maji ya kuoga na kufua hayahitaji kusafishwa floraidi. Tangi lifunikwe, mvua ya kwanza iachwe ioshe bati, na maji ya kunywa yachemshwe kama kawaida.

Jikoni kuna jambo jingine, nalo ni magadi. Makande yenye magadi huiva upesi, na kuni ni ghali, hivyo hakuna mama wa kulaumiwa kwa kuyatumia. Lakini magadi ya ukanda huu yana floraidi, pengine nyingi sana, na watafiti wa meno nchini walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba watoto wa maeneo yenye maji salama walipata madoa kwa sababu ya magadi. Maharage na mahindi yakilowekwa usiku kucha hulainika pasipo magadi. Chai ya rangi iliyokolea nayo ina floraidi. Mtoto mdogo apewe maziwa, ambayo pia humpa kalsiamu.

Mambo haya yote yanaweza kuanza kwa maswali mawili, siku mama anapoleta mtoto kwa chanjo ya surua ya miezi tisa: maji ya uji wa mtoto huyu yanatoka wapi, na jikoni mnatia magadi? Jibu liandikwe kwenye kadi ya kliniki, pembeni mwa uzito. Mama akifika na mtoto mkubwa, mhudumu amwombe acheke. Meno ya kaka yakiwa na madoa, maji ya nyumba hiyo yamekwisha kujipima yenyewe, na mdogo aliye mgongoni bado ana miaka saba ya kulindwa. Anayefuatiliwa miguu aitwe kila baada ya miezi sita, apimwe nafasi ya vifundo na kimo, na mzazi aje na chupa ya maji ya nyumbani ili yapelekwe maabara.