Bitana ya Mshipa

Jumatano moja ya muhula huu tulikutana kama kawaida, chai ya tangawizi mezani, tufanye zoezi la kueleza masomo yetu kwa Kiswahili. Wawili kati yetu wanasomea udaktari hapa Birmingham. Walianza vizuri: moyo, damu, mshipa. Walipofika kwenye endotheliamu wakakwama. Sisi tuliojifunza Kiswahili nyumbani tunajua kusalimia wakubwa, kuomba chakula na kugombana na wadogo zetu. Maneno ya maabara hatukurithi.

Mmoja wao alikuwa na haja ya jibu. Mama yake ana presha, na siku hizo alikuwa ameacha vidonge kwa kuwa hasikii maumivu. Maelezo ya Kiingereza hayakumgusa. Mwenzetu akampigia simu palepale, sote tukisikiliza.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu."

"Kile kitu chembamba kinachofunika mshipa kwa ndani tukiiteje?"

Mama ni fundi cherehani. "Kwa ndani, kama kwenye koti? Si bitana hiyo?"

Tukaliandika ubaoni.

Jina la endotheliamu lilitolewa na Mswisi Wilhelm His mwaka 1865. Ni safu moja tu ya seli, bapa kama vigae, iliyotandazwa ndani ya moyo na ndani ya kila mshipa wa damu hadi ule mwembamba kabisa. Ndugu yake, epitheliamu, hufunika ngozi na kutanda ndani ya viungo kama mapafu, tumbo na utumbo.

Kwa muda mrefu bitana ya mishipa ilidhaniwa kuwa ganda tu la kupitishia damu. Mwaka 1980 Robert Furchgott na John Zawadzki, huko New York, walionyesha vingine. Walitia dawa ya asetilikolini kwenye vipande vya mshipa wa sungura. Vipande vyenye bitana vililegea. Vilivyosuguliwa hadi bitana ikatoka havikulegea. Baadaye ikajulikana kwamba seli zile hutoa gesi ya nitriki oksidi, ambayo huufanya mshipa utanuke. Mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Presha ikikaa juu miaka mingi, bitana huumia, kama inavyoumizwa na sigara na kisukari. Gesi hupungua, mafuta hujipenyeza kwenye ukuta wa mshipa, na damu huganda kwa urahisi zaidi. Mwenye mshipa hasikii kitu.

"Mama," mwenzetu akauliza, "koti laweza kuonekana jipya nje huku bitana imeshachanika?"

"Mbona naletewa kila wiki!"

"Basi presha ndivyo inavyofanya."

Simu ikanyamaza kidogo. "Haya, nimekusikia," akasema. Siku chache baadaye alikwenda kumwona daktari wake, na sasa anameza vidonge tena.

Kiswahili kimewahi kufanya kazi hii. Tanzania husema selimundu: seli yenye umbo la mundu. Ugonjwa huo familia zetu zinaujua, na hapa England wazazi wote hupewa nafasi ya kumpimia mtoto mchanga kwa matone ya damu ya kisigino. Seli zile ngumu hunata kwenye bitana, huziba mishipa midogo, na maumivu makali hufuata. Anayesikia neno selimundu ameshaona nusu ya tatizo.

Walimu wetu watatukumbusha kwamba bitana si istilahi rasmi. Ni kweli, na kwenye mtihani tutaandika endotheliamu. Lakini mtihani hauna presha; wazazi wetu wanayo.

Wiki ijayo ni zamu ya wanafunzi wa uhandisi. Wakikwama, wawe na namba ya nyumbani karibu.